Barua ya wazi kwa wakuu wa shule na viongozi wa kanisa: msimwache mwalimu peke yake siku ya taifa

Ndugu wakuu wa shule, wajumbe wa bodi, wachungaji, mapadri na maaskofu mliokabidhiwa shule,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Mimi ni mwalimu wa darasani. Nimeshika chaki kwa miaka 22, na katika miaka hiyo nimesimamia sikukuu za taifa za kila namna: kumbukumbu ya uhuru, siku ya mashujaa, siku ya katiba, siku ya bendera. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la shule moja wala la nchi moja. Walimu wengi hulizungumza wakiwa wawili watatu ofisini, kisha kengele inalia na kila mmoja anaondoka na lake moyoni.

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya sikukuu, waraka hutufikia. Unataja nani afundishe wimbo gani, nani apange mistari, watoto wavae nini, na mgeni rasmi atafika saa ngapi. Hayo yote yanahitajika. Lakini sijawahi kuona humo hata sentensi moja inayomsaidia mwalimu Mkristo kujua awaambie nini watoto pale gwaride linapokwisha, wanaporudi madawatini na jasho halijawakauka, na kuanza kuuliza. Na wanauliza. Mungu anaipenda nchi yetu kuliko za wengine? Wale waliokufa vitani wote wako mbinguni? Yesu alikuwa na bendera? Ni maswali ya dhati, na anayeyapokea ni mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao, peke yake.

Naomba niwasimulie swali moja ambalo sikuweza kulijibu.

Nilikuwa na darasa la nne. Tulikuwa tunachora bendera za kupamba ukuta, kila mtoto na karatasi yake. Alikuwepo binti mmoja ambaye familia yao ilikimbia vita katika nchi nyingine. Alikuwa nasi kwa miezi minane hivi. Alipaka rangi taratibu mno, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na wenzake walimaliza wote yeye akiwa bado ameinama. Nilipoichukua karatasi yake nikaigeuza nipake gundi, nikakuta upande wa pili kuna bendera nyingine. Ya kwao. Ilikuwa imechorwa kwa uangalifu ule ule, na alikuwa ameikandamiza penseli kwa nguvu hata mistari ya upande mmoja ikaonekana kama makovu upande wa pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, utabandika upande gani?”

Nikakosa neno. Nilitoboa tundu juu ya karatasi, nikapitisha uzi, nikaitundika dirishani ili upepo uizungushe. Yeye akacheka, nami nikadhani nimeponea hapo. Kesho yake msimamizi wangu alipita kukagua mapambo kabla ya mgeni rasmi, akaitazama inavyozunguka, akaniagiza niishushe. Sikubishana. Niliishusha yule binti akiniangalia, nikaiweka ndani ya daftari la maandalio.

Simlaumu sana msimamizi yule. Hata yeye alikuwa na waraka mkononi na hofu yake kifuani. Lakini jambo lile limenikaa rohoni, na ndilo lililonirudisha kwenye Maandiko kutafuta jibu ambalo ningempa mtoto yule. Haya niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuyaweka mbele yenu, kwa sababu naamini ninyi mlipaswa kunipa kabla sijayahitaji.

Nianze kwa kusema wazi kwamba siandiki kupinga sikukuu za taifa. Naipenda nchi yangu, na sioni mahali Biblia inapotutaka tuione haya kuipenda. Paulo aliandika kwamba alikuwa tayari kuharimishwa na kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake, jamaa zake kwa jinsi ya mwili. Bwana mwenyewe, Luka anasema, alipofika karibu aliuona mji, akaulilia. Kukumbuka nako ni amri. Yoshua alipovusha watu Yordani aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto na kusimamishwa, na sababu aliyoitoa ni watoto: siku moja watauliza maana ya mawe haya, nanyi muwe na la kuwaambia. Hebu litazameni agizo lile vizuri. Yale mawe yaliwekwa ili mtoto aulize. Sisi tumejenga sherehe ambazo mtoto anaimba, anapiga saluti, anakwenda nyumbani, na swali lake halina kipindi kwenye ratiba.

Sasa yule binti na karatasi yake. Nimekuja kugundua kwamba watu wa Mungu waliwahi kuwa mahali pale pale alipokuwa yeye. Walipochukuliwa mateka Babeli walikaa kando ya mito wakalia, na wimbo wao uko kwenye Zaburi 137: ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau. Na watu hao hao, katika ugeni ule ule, waliletewa barua ya nabii Yeremia: “Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana; kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani.” Hawakuambiwa wachague. Walipewa kuukumbuka mji waliotoka na kuuombea mji waliopo. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amechora Zaburi 137 upande mmoja na Yeremia 29 upande wa pili, na mimi mwalimu wake, niliyelelewa kanisani, sikuitambua.

Nina hakika kabisa kwamba kama mtu yeyote kati yenu angekaa nasi walimu nusu saa wiki ile, na Biblia mezani, ningeitambua.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni kusema kweli. Siku ya taifa humweka mwalimu njia panda. Anatakiwa kuwaeleza watoto historia ya nchi, na historia ya nchi yoyote ile ina mambo ya kushukuru na mambo ya kutubu. Ukitaja ya kwanza peke yake utapigiwa makofi. Ukigusa ya pili kuna mzazi atakayekuja kuuliza una ajenda gani. Wengi wetu tumejifunza kukwepa.

Lakini someni Zaburi ya 78. Ina aya 72, na kazi yake ni kuwafundisha watoto historia ya taifa lao. Mtunzi anaahidi mwanzoni kwamba hatawaficha, kisha anafanya hivyo hivyo. Anasimulia bahari iliyogawanyika na mwamba uliotoa maji. Anasimulia pia kwamba baba zao walikuwa kizazi cha ukaidi na uasi, na kwamba wana wa Efraimu, wapiga upinde wenye silaha zao, walirudi nyuma siku ya vita. Fikirini watoto wetu wakiimba mbele ya mgeni rasmi ubeti unaosema askari wetu walikimbia! Israeli waliimba, na waliimba wakimshukuru Mungu, kwa sababu shujaa wa historia ile hakuwa taifa. Alikuwa Bwana aliyelichukulia taifa lile kwa rehema.

Danieli naye, aliyekuwa mwaminifu tangu ujana wake kule ugenini, anapoomba kwa ajili ya watu wake katika sura ya tisa hasemi wao walitenda dhambi. Anasema sisi. Hilo neno moja laweza kumfungulia mwalimu mlango. Mwalimu anayesema “sisi” anaweza kutaja utumwa, mauaji, wizi wa ardhi, ubaguzi, chochote kilichotokea katika nchi yake, bila kumfanya mtoto aichukie nchi na bila kumdanganya. Nimejaribu. Watoto hawavunjiki moyo kama tunavyohofia. Wanakaa kimya kidogo, halafu mmoja anauliza kama tayari tumeomba msamaha.

Haki huinua taifa, inasema Mithali 14:34, bali dhambi ni aibu ya watu wote. Mstari ule nimeuona umechorwa kwenye kuta za shule nyingi. Naomba mwalimu atakayeufundisha hadi neno la mwisho asiachwe akajieleze mwenyewe mbele ya bodi.

Naomba sasa nimtaje mwalimu mmoja wa zamani, Uchimura Kanzo wa Japani. Mwezi Oktoba 1890 mfalme wa nchi ile alitoa tamko kuhusu elimu, na nakala zenye saini yake zikapelekwa shuleni. Januari 1891, katika shule ya juu ya serikali mjini Tokyo alikofundisha Uchimura, walimu na wanafunzi waliitwa mmoja mmoja kupanda jukwaani na kuinama mbele ya saini ile, kwa namna watu walivyozoea kuinama mbele ya vitu vitakatifu. Zamu yake ikafika hajapata muda wa kutafakari. Aliinamisha kichwa kidogo, hakuinama hadi chini. Kwa tofauti hiyo ya inchi chache aliitwa msaliti nchi nzima, akapoteza kazi, na mwaka huo huo, yeye akiwa ameugua vibaya, alifiwa na mke wake.

Na huyu hakuwa mtu asiyeipenda nchi yake. Alisema maisha yake ameyatoa kwa J mbili, Jesus na Japan. Kwenye kaburi lake kumeandikwa maneno yake ya ujana: mimi kwa ajili ya Japani, Japani kwa ajili ya ulimwengu, ulimwengu kwa ajili ya Kristo, na vyote kwa ajili ya Mungu. Sijui kama kuna mpangilio wa uzalendo wa Kikristo uliowahi kusemwa vizuri kuliko huo. Nchi imo, nayo ina cheo chake. Ila si ya mwisho kwenye orodha.

Ninachokitazama mimi kila nikisoma habari zake ni zile sekunde chache pale jukwaani. Mwalimu, umati, na uamuzi wa dhamiri unaotakiwa papo hapo. Walimu wetu wengi hawatafikia mahali pa kutisha kama pale, na tumshukuru Mungu. Lakini kwa kipimo kidogo wanasimama jukwaani kila mwaka: mwanasiasa anapewa kipaza sauti na kuwageuza watoto kuwa mkutano wake wa kampeni, au wimbo unalifanya taifa kuwa mwokozi, au mtoto mmoja katika mstari hataki kupiga saluti.

Huyo mtoto wa mwisho niseme habari zake. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule inaweza kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kupigia bendera saluti. Watoto walifukuzwa shule, na familia zao zikapigwa na kuchomewa majengo yao ya ibada. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, mahakama ile ile iligeuza uamuzi wake na kusema hakuna mwenye mamlaka wa kumlazimisha raia kukiri kwa kinywa asichokiamini. Nchi ilikuwa katikati ya vita kuu, na tarehe 14 Juni ndiyo siku yao ya bendera. Mimi sikubaliani na Mashahidi wa Yehova katika mambo mengi ya imani. Lakini wakuu wangu, sisi ambao Bwana wetu alisema “mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu,” tungepaswa kuwa wa kwanza kumlinda mtoto ambaye nyumbani kwao wamefundishwa kwamba kile kiganja kilichoinuliwa ni cha Mungu. Mtoto kama huyo asichapwe, asisimamishwe mbele ya wenzake, asiitwe adui. Petro aliyaweka yote katika mstari mmoja na hakuchanganya: “Waheshimuni watu wote. Wapendeni ndugu. Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme.” Mfalme anapewa heshima. Kicho kimewekwa kando kwa mwingine.

Mtauliza, basi kiongozi afanye nini? Inawezekana. Norway ilipokuwa chini ya utawala wa Ujerumani, mapema mwaka 1942, serikali ya Vidkun Quisling, Mnorwe aliyeshirikiana na Wajerumani, ilitaka walimu wote waingie katika chama chake kipya cha walimu na watoto waingie katika umoja wake wa vijana. Walimu kwa maelfu waliandika barua za kukataa. Maaskofu wa kanisa la taifa nao waliziachia nyadhifa zao za serikali mwezi ule ule wa Februari, na wazazi wakaandika barua zao kwa maelfu. Machi walikamatwa walimu wapatao 1,100, na mamia wakasafirishwa hadi Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanya kazi ngumu. Ilikuwa gharama kubwa. Lakini mwalimu wa kijijini aliyesaini barua yake hakuwa peke yake: askofu wake naye alisema hapana. Hilo tu ndilo ninalolitafuta kwenu, kwa nyakati hizi zilizo nyepesi zaidi: mwalimu ajue mmeshasimama.

Kwa hiyo, kabla ya sikukuu ijayo, mtuite. Si kikao cha kugawana majukumu, hicho tunacho. Mtuite tusome na kuomba. Mwacheni kila mwalimu aseme swali gani la watoto linamwogopesha, mtusikilize bila kuandika majina. Katika ratiba ya siku yenyewe wekeni sala iliyo sala kweli, yenye shukrani na yenye toba, na aiongoze mmoja wenu ili lawama, kama ipo, iwafikie ninyi. Paulo alimwagiza Timotheo kwamba dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Kuwaombea ni kazi yetu, wala haihitaji tuwasifu. Mgeni rasmi mwelezeni mapema kwamba anazungumza na watoto, si wapiga kura. Na baada ya gwaride acheni kipindi kimoja kitupu. Kipindi cha maswali. Mkiweza, mmoja wenu aingie darasani akae dawati la nyuma, asikie kinachoulizwa.

Kwenu walimu wenzangu mtakaoisoma barua hii, maana najua mtatumiana, nina neno pia. Kazi ya siku ile ni ndogo machoni pa watu na kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo ulio sala: Mungu ibariki Afrika. Alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi hata kaburi lake halikujulikana lilipo. Leo sala ile iko ndani ya wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Afrika Kusini, na Zambia huimba kwa sauti ya wimbo ule ule. Hakutunga wimbo wa kuisifu nchi yoyote. Aliomba, akawafundisha watu kuomba pamoja naye, na mataifa ambayo hayakuwapo alipokufa yakasimama wima juu ya maombi yake. Kwa hiyo mkiwa na dakika tano tu za darasa siku hiyo, ombeni nazo. Waacheni watoto waombe kwa maneno yao. Nimewahi kumsikia mtoto wa miaka minane akimwomba Mungu awasaidie wakubwa “wasiseme uongo kwenye redio,” na wenzake wote wakaitika amina kwa sauti moja.

Tena msichoke. Paulo alisema tutavuna kwa wakati wake, tusipozimia roho.

Wakuu wangu, yule binti alihama mwaka uliofuata, na sikupata nafasi ya kumwambia niliyoyaona katika Zaburi na Yeremia. Karatasi yake ninayo. Rangi zimefifia kidogo, tundu nililolitoboa bado lipo, na uzi nimeubadilisha. Darasa ninalofundisha sasa lina madirisha mawili, na darasani mwangu mwaka huu wapo watoto wengine watatu waliofika kutoka mbali. Naomba ruhusa yenu niitundike tena sikukuu ijayo, na atakayekuja kukagua mapambo awe ameshaambiwa.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu katika Bwana,

Mwalimu wa darasa la nne